Kompyuta Iliniuliza Mara Mbili

Shangazi wa ukurasa wa saba, shikamoo.

Nakuandikia kwa kalamu, tena kwenye karatasi niliyoichana kwenye daftari la kazini, si kwamba sina kompyuta, ninayo, mpya, yenye taa za rangi saba, ila hakuna mtu nyumbani anayeikaribia, na mimi nikiikaribia mke wangu huinuka akaenda kukaa jikoni, kwa hiyo unisamehe kwa mwandiko na unisaidie kabla ya mwisho wa mwezi, maana mwisho wa mwezi mama mkwe wangu anaondoka kwangu kwa kosa ambalo si lake.

Nianze na mimi ni nani. Mimi ni karani wa ghala la vigae, mwaka wa kumi na nne huu, kazi yangu ni kuhesabu maboksi yanayoingia na yanayotoka, lakini ukoo mzima wa mke wangu huniita Injinia, na jina hilo sikujipa, lilianza siku shemeji yangu alipoolewa, spika zikakata sauti katikati ya hotuba ya baba yao mkubwa, nikaenda nyuma ya meza nikakuta waya umechomoka, nikauchomeka, sauti ikarudi, watu wakapiga makofi, na tangu siku hiyo redio iliyokufa inaletwa kwangu, simu iliyotumbukia chooni inaletwa kwangu, feni isiyozunguka inaletwa kwangu, na mimi sijawahi kumwambia mtu kwamba sijui, nafungua, nachungulia, nasema kuna kipuri nakisubiri, na hivi ninavyoandika chini ya kitanda chetu kuna maboksi matatu ya vitu nilivyovifungua ambavyo havijafungwa mpaka leo.

Mke wangu anafanyia kazi nyumbani, anachapa vitabu na ripoti za watu na kuzipanga kurasa, kwenye meza ya pembeni mwa sebule, kwa kompyuta nyeusi aliyoinunua mwenyewe kabla hatujaoana, na hiyo kompyuta haikuwa na ugonjwa wowote isipokuwa uvivu, akiibonyeza asubuhi anakwenda kuchemsha chai, anarudi bado inajifikiria, na siku moja akasema, wala hakuwa analalamika, kwamba angefurahi kama ingekuwa inaamka haraka kidogo, neno hilo moja tu, na mimi nikalibeba kama agizo la serikali.

Nikaanza kuangalia video, wiki tatu, kila nikipata nafasi ghalani, nikajifunza majina ya vitu, nikaenda dukani. Duka la kwanza muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani, akaniuliza mashine inafanya kazi gani, nikamwambia kazi zote, akauliza tena, kazi gani hasa, nikamwambia mke wangu anachapa, akasema basi mnunulie diski ya kisasa na umwongezee kumbukumbu, mengine yaache yalivyo, akaniwekea vitu viwili vidogo juu ya kaunta ambavyo vingetosha kwenye mfuko wa shati, na mimi nikaona ananidharau, mtu mzima nitoke mjini na kitu cha mfuko wa shati, nikavuka barabara kwenda duka la pili, huko nikaitwa bosi kabla sijafika mlangoni, nikatoka na kasha lenye ubavu wa kioo, feni sita, kadi ya picha wanayotumia wacheza michezo, skrini iliyopinda kama kigae cha paa, na kibodi inayowaka na kulia kama mvua ya mawe kwenye bati, na hela yenyewe ilikuwa ya tangi la maji, hilo najua utalisema kwa hiyo nalisema kabisa.

Sasa nifike penyewe. Kwa miezi minane, kila Alhamisi, alikuwa anakuja kwetu mkunga mmoja mstaafu, bibi wa miaka themanini na zaidi, anakaa kwenye kiti chenye mikono, anasimulia maisha yake na wanawake aliowazalisha, mke wangu anachapa, wanawe ndio waliotaka kitabu hicho kwa sababu mama yao ameanza kusahau, wiki moja anakumbuka kila kitu, wiki nyingine anamwuliza mke wangu kama naye ni mmoja wa watoto aliowapokea, na kurasa zilikuwa zimefika mia mbili na kumi na mbili. Nakala ya akiba ilikuwepo kwenye flashi, ila hiyo flashi niliichukua miezi miwili nyuma nikaifuta na kujaza nyimbo za kusikiliza ghalani.

Jumapili moja mchana mke wangu akaenda kwa dada yake kumtazama mtoto mchanga, nikaona nafasi ndiyo hii, akirudi akute maajabu, nikatandika shuka sakafuni, nikaifungua ile nyeusi, nikatoa diski yake yenye kazi zote, nikaifunga ndani ya mashine mpya kando ya diski mpya, nia yangu ilikuwa niisafishe ile mpya kwanza halafu nihamishie kazi, nikawasha, skrini ikaniletea orodha, diski ya kwanza na diski ya pili, basi, haikuandika hii ni ya mkeo na hii ni ya dukani, na ukubwa wake ulikuwa sawasawa, nikachagua, ikaniuliza una uhakika, nikabonyeza ndiyo, ikaniuliza tena, kila kilichomo kitafutika, una uhakika, na Shangazi nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hiyo mara ya pili kidole kilisita, moyo ukaniambia chomoa moja uhakikishe, nikajisemea Injinia hasiti, nikabonyeza ndiyo.

Ikaanza kufuta, ikihesabu yenyewe. Ilipofika asilimia thelathini na moja mama mkwe, ambaye anaishi nasi mwaka wa pili sasa, akatoka chumbani kwake na gauni mkononi, akachomeka pasi kwenye ekstensheni ileile ya kompyuta, umeme wa sebule yote ukakatika. Nikaenda kurudisha swichi ukutani, nikawasha, ndipo nikaona diski iliyobaki tupu ni ipi, na wakati huohuo mlango ukafunguka, mke wangu huyo, akaona kompyuta yake imelala kwenye shuka tumbo wazi, akaniuliza kuna nini, na mimi hata sikupanga, mdomo ulisema wenyewe.

"Umeme," nikasema. "Mama amechomeka pasi, kila kitu kimefutika."

Mama mkwe alichomoa pasi, akauzungusha waya wake taratibu, akarudi chumbani. Mke wangu alimfuata akamwambia maneno ambayo katika miaka kumi na moja ya ndoa sijamsikia akimwambia mtu yeyote, sembuse mama yake, na mimi nilikuwa nimesimama hapohapo nina bisibisi mkononi.

Hii ni wiki ya tatu. Mama mkwe hagusi swichi yoyote, jua likizama anakaa chumbani gizani mpaka mtu apite amwashie, chai hachemshi kwa birika la umeme, anasubiri, na amempigia mwanawe wa kwanza aje kumchukua. Mkunga bado anakuja Alhamisi, mke wangu hajathubutu kumwambia, bibi wa watu akiomba asomewe sura ya mwanamke aliyejifungulia kwenye lori la saruji, mke wangu anashika karatasi nyeupe anamsomea kwa kukumbukakumbuka, halafu bibi akiondoka anajifungia bafuni. Ile diski nimeificha kwenye droo ya soksi.

Sasa Shangazi ombi langu ni hili. Nimefikiria nimfurahishe mke wangu ili mambo yapoe, na nimeona kuna kadi ya picha kubwa zaidi imeingia madukani, je, ninunue hiyo, au nimwongezee kumbukumbu mara mbili, kipi kitamtuliza mapema? Naomba usitaje jina langu.

Ni mimi,
Injinia


SHANGAZI ANAJIBU

Injinia,

Jina lako sijalitaja. Lakini karani wa ghala la vigae, anayeitwa Injinia na wakwe zake, mwenye mke mchapaji na mama mkwe ndani ya nyumba: wewe ndiye mtaalamu wa kuhesabu, hesabu mko wangapi mjini. Gazeti hili linafika mitaani Jumamosi saa moja asubuhi. Kama mkeo huamka kabla yako, mambo yako yamekwisha kuwa mepesi, maana yatakuwa yameshatoka mikononi mwako.

Nijibu swali lako kwanza, kwa kuwa ni fupi. Usinunue kadi. Nyumba umeichoma, unauliza mapazia yawe ya rangi gani. Mke wako amefutiwa kazi ya miezi minane, mama yake amekaa gizani kama mwizi anayesubiri hukumu, na wewe umebaki na wasiwasi kuhusu picha zing'ae kiasi gani. Kadi hiyo ni ya watu wanaorusha makombora kwenye skrini. Anayechapa habari za wakunga haihitaji. Hata ile uliyonunua haihitaji.

Sasa nisikilize, kwa sababu kuna jambo haliwezi kungoja aibu yako ipoe. Barua yako nimempa asome fundi wa mitambo ya hapa gazetini, dada mmoja mkavu wa maneno. Alisoma ile aya ya diski, akaniuliza swali moja tu: umeme ulikatika ikiwa imefika ngapi? Nikamwambia thelathini na moja. Akasema, "Basi huyo bibi wa pasi ndiye aliyeokoa zilizobaki."

Soma hapo tena. Ufutaji ulioufanya unakwenda kama mtu anayepaka rangi ukuta, anaanzia kona moja na kusogea. Orodha ya vilivyomo ndiyo hufutika mwanzoni, ndiyo maana ukaiona tupu, lakini ukuta haukuwa umepakwa wote. Ungeachwa na ujuzi wako ungeumaliza. Mama mkwe wako alikunyang'anya brashi bila kujua, na wewe ukamlipa kwa kumsingizia. Katika nyumba hiyo siku hiyo mtu mmoja tu alifanya jambo la maana kwa kompyuta ile, naye alikuwa ameshika gauni.

Itoe diski kwenye soksi. Usiichomeke popote, hata kwa dakika moja, hata kwa kuchungulia tu. Kuchungulia kwako tunakujua, maboksi matatu chini ya kitanda yanashuhudia. Ifunge kwenye kitambaa kikavu, isigongwe, umpelekee fundi ambaye kazi yake ni kufufua kazi zilizofutika, si yule wa duka la pili anayekuita bosi. Mwambie ukweli wote, pamoja na ile asilimia. Fundi ni kama daktari, ukimficha pa kuuma atakukata pasipouma. Sikuahidi kwamba zitapatikana zote. Sikuahidi hata nusu. Nasema kuna kitu humo, na kila siku unayokificha unakifanya kuwa siri yako badala ya kazi ya mkeo.

Halafu flashi. Hilo la flashi umelipitisha kwa haraka mwishoni mwa aya, kama mtu anayepitisha mfuko mlangoni akitumaini mlinzi hataangalia. Mlinzi ameangalia. Mkeo alikuwa na nakala. Alifanya kila ambalo mtu mwenye akili hufanya. Wewe uliifuta ili usikilize nyimbo huku ukihesabu vigae. Kwa hiyo hukuharibu mara moja, uliharibu mara mbili, na ya kwanza hakukuwa na pasi ya kuisingizia.

Utasemaje nyumbani? Utaanza na mama mkwe, mkeo akiwa hapohapo. Yeye ndiye uliyemtwisha. Mke wako amepoteza kurasa. Mama yake amepoteza mtoto, wiki tatu hizi, kwa neno lako moja. Utakaa chini. Usimweleze mambo ya diski ya kwanza na ya pili. Usiseme kulitokea hitilafu, hitilafu haina vidole. Sema, Mama, nilifuta mimi, nikakusingizia wewe. Maneno hayo matano yanatosha, ukiongeza la sita litakuwa la kujitetea.

Najua utaniambia ulikuwa na nia njema. Ulikuwa nayo, nimeiona, nami sikunyimi. Mtu asiyempenda mkewe haangalii video wiki tatu. Lakini yeye aliomba kitu kiamke haraka, wewe ukamletea kitu cha kukufanya wewe uonekane. Yule mama wa miwani alikupa jibu sahihi bure, ukamkasirikia kwa sababu jibu lenyewe lilitosha mfukoni. Debe tupu halipendi kuambiwa kikombe kinatosha.

Na kwa wasomaji wengine, maana najua Mainjinia mko wengi na mnasoma mkicheka kana kwamba hamhusiki: kabla hujanunua kitu cha kompyuta, muulize anayeikalia inamkera wapi. Ikichelewa kuwaka na kufungua, mara nyingi dawa ni kuiondoa diski ya kizamani inayozunguka na kuweka ya kisasa isiyozunguka. Ikikwama anapofungua kazi nyingi kwa pamoja, muongezee kumbukumbu, lakini kwanza peleka namba ya mashine dukani wakwambie inakubali kumbukumbu ya aina gani na mwisho wake ni kiasi gani, msikisie. Macho yakimuuma, skrini, na akaiangalie yeye, kwa macho yake. Mgongo ukimuuma, kiti, na kiti hakina taa. Ukibakiwa na chochote nunua kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, mtu apate muda wa kuhifadhi na kuzima. Kompyuta isilale ekstensheni moja na pasi, wala birika, wala chochote kinachotoa joto.

Na bisibisi isitoke mfukoni kabla kazi hazijakuwa na nakala mbili, moja ndani ya nyumba na nyingine nje ya nyumba, kwa ndugu au ofisini. Ukiwa na diski mbili mbele yako, chomoa ile usiyotaka ife. Ni jambo la dakika mbili. Moyo wako ulikwambia.

Kwako wewe, Injinia, nimemaliza hivi. Kasha la kioo na kadi na kibodi ya mvua ya mawe vitarudi dukani wiki hii, ukiwa umevibeba mwenyewe, na utakubali kiasi watakachokurudishia bila kununa. Mashine ya mkeo itafungwa na fundi, si na wewe. Kitakachonunuliwa atanunua yeye. Na mkunga ataambiwa, na wewe utakuwepo atakapoambiwa, umeketi mahali anapoweza kukuona.

Shangazi


BARUA YA PILI, WIKI TANO BAADAYE

Shangazi,

Ile Jumamosi niliamka saa kumi na mbili, nikaenda kwa muuza magazeti wa kona, nikanunua nakala zake zote, nane, akaniuliza kama kuna tangazo la msiba, nikamwambia ndiyo, nikazibeba mpaka ghalani nikazifungia ndani ya boksi la vigae vya bafuni, halafu nikasimama pale nikasoma moja, nikajiona, mtu mzima amejificha na magazeti ndani ya ghala siku ya mapumziko, nikarudi nyumbani kwa miguu kwa sababu nilitaka safari iwe ndefu.

Nilisema yale maneno matano. La sita lilitaka kutoka, nikalimeza. Mke wangu alitoka nje akasimama barazani, amenipa mgongo. Mama mkwe aliniuliza jambo moja.

"Wiki tatu nimekaa gizani nikijiona nimezeeka mpaka naharibu nyumba za watu. Ulikuwa unaniona?"

Nikamwambia nilikuwa namwona. Akasema haya, akainuka akaenda kumfuata binti yake. Sikusikia walichozungumza, nilisikia mke wangu analia na mama yake anamwambia anyamaze, kwa sauti ile ya kumwambia mtoto.

Fundi aliifufua diski kwa siku sita. Kurasa mia moja na arobaini na tisa zimerudi, nyingine zimechanganyika herufi. Zilizokufa ni za mwanzo, zile za utoto wa mkunga. Alhamisi nilikaa pale ulipoagiza, mke wangu akamweleza, na bibi hakukasirika, alisema utoto wake anaukumbuka kuliko alichokula jana, akaanza kusimulia palepale, na mke wangu anasema safari hii amesimulia na mambo ya mama yake ambayo mara ya kwanza aliyaruka. Mke wangu amekwenda mwenyewe kwa yule mama wa miwani, amerudi na vitu viwili vya mfuko wa shati na flashi mbili. Mashine nyeusi inaamka kabla maji hayajachemka. Mimi nilisimama mlangoni mwa duka. Nyumbani ananijibu ninapomsemesha, lakini hanianzi, na flashi moja ameipeleka kwa dada yake bila kuniambia; nimeijua kwa shemeji. Wiki iliyopita jirani alileta redio nikamwambia sijui kuitengeneza, hakuamini, akaniachia mezani.

Ila mama mkwe aliondoka. Mwanawe alikuja siku ileile waliyopanga, akabeba sanduku. Aliniaga vizuri, kwa mkono, kama anavyoagwa mwenye nyumba ya wageni. Sasa ni wiki ya nne, anampigia simu mke wangu kila siku na haniulizii. Nimpelekee nini?

Injinia


SHANGAZI ANAMALIZA

Umeuliza tena kitu cha kununua. Ugonjwa huo haujapona.

Usimpelekee kitu. Usimpigie simu pia. Simu inakatika, na kwa hali yako utasema ni mtandao. Omba ruhusa kazini siku mbili, panda basi, nenda mpaka kwa huyo mwanawe wa kwanza, mikono mitupu. Yeye naye alisimuliwa habari ya mama mzee aliyechoma kazi ya watu kwa pasi, akaja kumchukua akiamini hivyo, na huenda mpaka leo nyumbani kwake watoto wanaambiwa wamwangalie bibi asiguse waya. Hiyo habari ni yako, ulianzisha wewe, ukaifunge wewe, mbele ya wote walioisikia, mama mkwe wako akiwa ameketi katikati yao.

Usimwombe arudi. Hilo ni lake, atakapojisikia kuamua ataamua. Mkeo naye usimharakishe. Miezi minane alichapa neno kwa neno bila kulalamika. Atakusamehe kwa mwendo huohuo, kama atakusamehe, na wewe utakuwepo.

Ukishasema uliyoyaendea, usikimbilie basi la jioni. Ukipewa chai, kunywa. Usipopewa, kaa.